Kulwa, Mlango!

Tu. Tu-tuu. Tu. Tu-tuu.

Niliusikia mpira kabla sijauona hata ukuta wa uwanja. Adhana ilikuwa imeshapita, moshi wa takataka zilizochomwa umelala juu ya njia, na mie natembea na ndoo ya chokaa kwenda kuchora mistari kabla jua halijakaza. Nikasimama. Wanangu, mtu akikaa na mpira wa kikapu miaka mingi kama nilivyokaa mie, hahitaji macho kujua nani anadunda. Mkono wa kushoto ule. Pigo moja fupi, kisha mawili yaliyobanana, na la mwisho linachelewa kidogo kwa sababu mwenyewe anauacha mpira upande juu kuliko inavyotakiwa. Hapo Kipawa mtu mmoja tu alikuwa anadunda hivyo, na huyo alikuwa ameshazikwa.

Subirini. Nikianzia hapo mtasema Kocha Anje kazeeka, akili zimeanza kuvuja. Ngoja niwaambie kwanza sikio hili nililipata wapi.

Nililipata kwa Ami Nasoro, Mwarabu wetu wa Temeke, ambaye ukoo wake uliuza unga na mafuta ya taa mtaani kwetu tangu mie sijazaliwa. Ndiye aliyenifundisha mchezo huu nikiwa binti. Uwanja ulikuwa nyuma ya duka lake, naye hakuwa na mtu wa kumwachia duka, kwa hiyo alitufundisha akiwa ametupa mgongo, anapima sukari. Sisi tumeinama tunadunda, mara sauti inatoka dirishani: "We Anjelina! Mbona unauzaba makofi huo mpira, umekukosea nini?" Au: "Huyo wa mwisho miguu imechoka, mpumzisheni." Mteja anashangaa, "Ami, unaongea na nani?" Naye anajibu, "Naongea na mipira, mama. Chumvi ya shilingi ngapi?"

Siku moja nilimuuliza kwa nini hageuki japo mara moja akatutazama. Akasema, "Nikikutazama utaanza kujipendezesha. Mpira haujui kujipendekeza kwa mtu."

Sikio hilo ndilo nililokwenda nalo Kipawa nilipopewa timu ya mabinti, na huko likapata adui. Ndege. Pale mnapajua, jirani na uwanja wa ndege, zinashuka chini mpaka unaona matairi yake na madoa ya matope. Ndege ikipita uwanja unajaa mngurumo, midomo inacheza bila sauti, na kocha anayetegemea sikio anabaki kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Tulikuwa na desturi: ndege ikija, hakuna kusimama na hakuna kupiga kelele. Unaendelea na zoezi lako mpaka ipite.

Nyie leo mnajirekodi kwa simu, mnajitazama taratibu, mnaona kiwiko kilipokwenda kombo. Vizuri sana, nami mmenifundisha. Sie tulikuwa na chokaa. Unaupaka mpira chokaa kavu, mtoto anadunda, kisha unamwambia fungua mkono. Nyeupe ikiwa kwenye ncha za vidole, anajua kazi. Nyeupe ikiwa katikati ya kiganja, huyo anapiga chapati. Na kwa ulinzi nilikuwa nasema, "Kaa kama unakuna nazi, makalio chini, mgongo wima." Shamimu, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, akaniuliza: "Kocha, kwani nazi inakunwa? Si inasagwa sokoni?" Nikajua zama zimenipita.

Sasa zoezi la vitambaa. Mnalifanya mpaka leo, ila hamjui lilikotoka, ndiyo maana nawaandikia. Nilichana khanga kuukuu vipande vipande, nikawafunga macho wote, nikajifunga na mie, nisije nikawa hakimu anayeona. Mmoja anaingia katikati na mpira, anadunda. Wengine wanasikiliza, wanamtaja. Akitajwa jina lake anajibu "Nipo," anauacha mpira pale pale, anamgusa bega mwenzake aingie, na yeye anakwenda kukaa ukutani. Sheria moja tu ilikuwa ngumu: hakuna kuacha kudunda mpaka utajwe. Mabinti walilipenda zoezi hili kuliko kula. Ukimsikiliza mwenzako namna hiyo, siku ya mechi unajua yuko wapi hata akiwa nyuma yako.

Katika timu hiyo nilikuwa na pacha wawili, Kulwa na Doto. Nyumba yao ilipakana na ukuta wa uwanja, na mama yao ndiye aliyetunza funguo zangu za ziada. Doto alidunda kwa mkono wa kulia, mapigo sawasawa, kama mwanamke anayetwanga huku akiwaza mambo mengine. Kulwa alikuwa wa kushoto, na lile pigo lake la mwisho linalochelewa. Doto alikuwa hatazami kabla ya kutoa pasi. Alikuwa anautupa tu mpira upande wa kushoto, na Kulwa anakuwa ameshafika.

Ila Kulwa alikuwa na ugonjwa mmoja: mlango. Uwanja wetu una ule mlango wa bati, na nje yake ardhi inateremka mpaka barabarani. Ukiuacha wazi, mipira inasafiri. Kulwa hakuwahi kuufunga. Anaingia mbio, anatoka mbio, mlango uko wazi unapepesuka nyuma yake, nami napasua koo: "Kulwa, mlango!" Timu nzima ikazoea kuitikia kwa pamoja, "Kulwa, mlangooo!" Naye anacheka, "Nitafunga kesho, Kocha." Siku moja mpira uliteleza nje, ukagonga jiwe, ukarukia pikapu iliyobeba mbuzi. Tuliufuata mpaka machinjioni Vingunguti, tukaukuta umekaa katikati ya mbuzi kana kwamba na wenyewe unasubiri zamu. Kulwa alimwambia mchinjaji, "Baba, shikamoo, yule wa mviringo ni wa kwetu." Yule mtu alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Homa ilimchukua Kulwa haraka. Jumatatu alikuwa mazoezini, wiki haikuisha. Wakamsafirisha kwao Shinyanga, akazikwa huko, na waliporudi walirudi na bibi yao, mama mzaa baba. Bibi huyo akaja na amri ya nyumba yao: jina la pacha aliyekufa lisitajwe mpaka aliyebaki atulie. "Ukimwita mmoja," alituambia pale sebuleni, "atadhani na mwenzake anaitwa." Tukakubali. Nani abishane na bibi aliyetoka kuzika?

Lakini hebu fikirini. Mama yao mtaa mzima ulimwita Mama Kulwa. Mwenye genge alikuwa anaanza, "Mama Ku..." anakomea hapo, anajifanya anakohoa. Watu wakawa wanampita mama wa watu kimya kwa kuogopa jina lake mwenyewe. Na mie zoezi la vitambaa nililiacha, kwa sababu nani angethubutu kufungwa macho na kutaja majina?

Sasa turudi asubuhi ile ya chokaa. Nilisukuma mlango nao ukafunguka, ulikuwa wazi. Hakuna mtu uwanjani. Mpira ulikuwa kwenye mstari wa mtupo huru, bado unazunguka polepole mahali pamoja, kama unavyozunguka ukiachwa na mkono sasa hivi. Nikasema moyoni: Doto. Kachukua funguo nyumbani, kaja kumlilia dadake, kanisikia kakimbia. Nikatulia. Hayo ndiyo maelezo yaliyokuwepo, nami nikayashika kwa mikono miwili.

Jioni nikaupaka mpira ule chokaa, nikauweka katikati ya uwanja, nikafunga mlango kwa kofuli. Kesho yake kofuli lilikuwa limefungwa kama nilivyoliacha, ila mlango uko wazi, umeachia kwenye bawaba kama siku zote za Kulwa. Mpira ulikuwa na alama za vidole, ncha tupu, safi, kazi ya mtu anayejua. Vidole vya mkono wa kushoto. Mazoezini nikamwambia Doto nionyeshe mikono. Ilikuwa safi. Lakini mikono si inaoshwa? Nikamuuliza, "Mwanangu, asubuhi ulikuwa hapa?"

"Sio mie, Kocha."

"Nani sasa?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo wote tunalijua.

Doto mwenyewe alikuwa anayeyuka. Ukimwita jina haitiki mpaka umguse. Katika zoezi la pasi alikuwa anatupa kushoto, kwenye nafasi isiyo na mtu, mpira unakwenda kugonga ukuta, na yeye amenyoosha mikono anangoja urudishwe. Wenzake waliogopa kusimama upande ule. Hata Shamimu, ambaye angefanya mzaha juu ya kaburi la babu yake, alikuwa anapita mbali.

Kisha mama yao akaja kwangu. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, hakutaka kiti.

"Kocha, mwenzako nashindwa," akasema. "Nikimpakulia anakula nusu. Nusu kweli kweli, anachora mstari kwenye ugali. Nusu ya godoro halali. Jana nimemwita Doto, Doto, kanijibu, 'Mama, unamwita nani?' Nimebakiwa na mmoja, na huyo mmoja anaondoka huku namtazama."

"Bibi anasemaje?"

"Anasema tusimtaje yule, tunyamaze. Tumenyamaza mpaka nyumba imekuwa kama kisima."

Nikafikiri kama kocha, maana ndicho ninachojua. Nikasema, huyu mtoto anadunda kwa mkono wa dadake ili dadake asiishe. Tukimfanya adunde mbele yetu wote na tumtaje kwa jina lake mwenyewe, Doto, ataitika, na atarudi. Nikamwambia mama, "Njoo kesho alasiri, nitafanya zoezi la vitambaa. Bibi usimwambie."

Siku hiyo jua lilikuwa kali, uwanja mweupe, mchana kweupe wa watu kuanika dagaa. Nasema hivyo msije mkadhani kulikuwa na giza la kutudanganya. Niliufunga mlango wa bati kwa mkono wangu. Doto alikaa kwenye benchi la ukutani na mama yake, akagoma kuingia mstarini. Sikumlazimisha. Nikamfunga kitambaa pale pale alipokaa, mama akajifunika uso kwa khanga yake kama watu wa msibani, nikawafunga wengine, nikajifunga mie mwisho, nimesimama kando ya benchi.

Zoezi likaanza kwa woga, kisha likachangamka. "Happy huyo, anadunda kama anafukuzwa na polisi!" "Nipo!" Mwingine akaingia, akatajwa, akakaa. Shamimu alipoingia wakamtaja kabla hajadunda, kwa kuhema kwake tu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilisikia kicheko pale. "Nipo, na roho zenu mbaya!" akajibu, akauacha mpira, akaenda ukutani. Wote walikuwa wameshatajwa. Nikasema kwa sauti, "Bado mmoja."

Hapo ikaja ndege.

Ilikuja kubwa, chini, mngurumo ukafunika kila kitu, hata pumzi yangu sikuisikia. Nikangoja. Mngurumo ukaanza kupungua, ukasogea upande wa Ukonga, na chini yake, kama kitu kinachobaki maji yakishatoka, nikasikia.

Tu. Tu-tuu. Tu. Tu-tuu.

Nikashusha pumzi. Nikajua Doto kasimama, kaingia katikati, mpango wangu umekwenda vizuri. "Haya," nikasema, "mtajeni."

Mpira ukaendelea kudunda, bila jina.

"Shamimu, mtaje."

"Kocha, siwezi." Sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo. "Bibi kakataza."

"Taja mtu anayedunda, Shamimu, usitaje mkono. Doto, mwanangu, unawasikia wenzako? Ukidunda hivyo hawakujui."

Na jibu likatoka kwenye benchi, karibu kabisa na bega langu. "Mie niko hapa, Kocha."

Mpira ulikuwa bado unadunda katikati ya uwanja.

"Mama Doto," nikaita. "Doto yuko wapi?"

"Ninaye," mama akasema. "Nimemshika mikono yote miwili."

Nimewahi kuulizwa kwa nini sikuvua kitambaa. Mkono wangu ulikwenda mpaka kwenye fundo, nakwambieni, vidole vikashika khanga ile, vikakataa. Mabinti walianza kulia kwa kwikwi, kila mmoja amemshika mwenzake. Hakuna aliyevua. Mpira ukatoka katikati, ukaanza kupita mbele yetu pale ukutani, mtu mmoja mmoja, kama mchezaji anayepita kugonga mikono ya wenzake kabla ya mechi. Ulipofika kwangu vumbi lilinirukia miguuni. Nilisikia raba zikikwaruza sakafu, na pumzi ya mtu aliyekimbia muda mrefu.

Hapo sikio la Ami Nasoro likafanya kazi yake lenyewe, bila kuniuliza kama naogopa. Lile pigo la mwisho, lile linalochelewa, lilikuwa linachelewa kupita kawaida. Mpira haupandi tena juu. Mkono unaburuzwa.

Doto akasema, "Mama, usimwite. Akitajwa anatoka. Ndiyo sheria."

"Unamsikiaga?" mama akamuuliza.

"Kila asubuhi. Anadunda, anangoja tumtaje, hatumtaji. Hawezi kukaa." Kisha akaanza kulia, kilio ambacho kule Shinyanga hakukilia. "Lakini akitoka mie nabaki na nani?"

Nilijua jambo moja tu, la kazi yangu, nikalisema. "Mama Kulwa," nikamwita, kwa jina ambalo mtaa mzima ulikuwa umelimeza. "Nisikilize. Mwanao miguu imechoka. Mpumzishe."

Benchi lililia, kama la mtu anayenyoosha mgongo. Mpira ukadunda. Ukadunda tena. Mama akavuta pumzi, na nilijua anachokiwaza, kwa sababu na mie nilikuwa nakiwaza: vipi kama bibi anasema kweli, vipi wakiitika wote wawili?

"Mshike Doto mkono mmoja, Kocha," akasema. Nikaupapasa, nikaukamata. Ulikuwa wa baridi, umelowa jasho. Ndipo akaita, si kwa ukali, bali kama anavyomwita mtoto aliyechelewa mchezoni na chakula kimeshaiva.

"Kulwa. Kulwa wangu. Inatosha, mama."

Mpira ukanyamaza.

Tulisubiri lile jibu la sheria, ile "Nipo." Halikuja. Kilichokuja ni mpira wenyewe, ukibingirika polepole kwenye sakafu, ukaja mpaka ukagusa miguu ya Doto, ukatulia. Kisha mkono wake ukajichomoa ndani ya wangu. Nikataka kuukamata tena, nikaukosa, na kwa muda wa kufumba jicho niliamini tumempoteza.

Tap. Tap. Tap. Tap.

Mkono wa kulia. Mapigo sawasawa, kama mwanamke anayetwanga. Alikuwa amesimama mbele ya mama yake, anadunda huku analia, na wala mapigo hayakuyumba.

"Doto!" Shamimu akapiga kelele, na timu nzima ikapokea, wengine kwa kilio, wengine kwa kicheko, "Doto! Doto huyo!"

"Nipo," akasema.

Wote tulikuwa ukutani, na Doto yuko mbele yetu na mpira wake. Ndiyo maana zile raba tulizisikia sote zikielekea upande wa pili, bila mbio, mpaka mlangoni. Bati likalia. Nilifungua mdomo kwa mazoea, maneno yameshafika kwenye meno, nikayazuia. Raba zikasimama kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu. Kisha bawaba zikalia tena, taratibu, na mlango ukafungwa nyuma yake.